MySQL imekataa nywila: jinsi ya kutafuta kosa liliko

Seva ya MySQL ikikuandikia `Access denied`, kishawishi cha kwanza ni kubadilisha nywila. Usiibadilishe bado. Mara nyingi nywila ni sahihi, na kilichokosewa ni mahali unapoingilia, faili la mipangilio lililosahaulika, au akaunti ya pili yenye jina lile lile. Ukiibadilisha kabla ya kujua kosa liko wapi, unajiongezea tatizo jingine: kila programu iliyokuwa ikitumia nywila ya zamani nayo itaanza kukataliwa.

Hatua zilizo hapa ni za MySQL 8.0 na kuendelea, kwenye Linux. MariaDB, hifadhidata iliyotokana na MySQL, hutofautiana kidogo, na tofauti hizo ziko mwishoni. Katika mifano tunatumia akaunti ya `duka` na hifadhidata ya `duka_mauzo`. Weka majina yako.

Anza na namba ya kosa

Maneno ya ujumbe hufanana, lakini namba hazifanani. Namba ndiyo inayokuambia uelekee wapi.

2002 na 2003 hazihusiani na akaunti hata kidogo. 2002 maana yake programu haikupata faili la soketi (njia ya kuzungumza na seva ndani ya mashine ile ile bila mtandao), ambalo kwenye Ubuntu huwa `/var/run/mysqld/mysqld.sock`; mara nyingi ni kwa sababu seva imezimika. Hakikisha kwa `systemctl status mysql`, au `mysqld` kwenye familia ya Red Hat. 2003 ni muunganisho wa mtandao ulioshindikana. Ikiishia na 111, umefika kwenye mashine lakini hakuna kinachosikiliza poti ya 3306, na sababu ya kawaida ni `bind-address = 127.0.0.1`, inayoifanya seva isikilize mashine yake yenyewe tu, iliyo ndani ya `/etc/mysql/mysql.conf.d/mysqld.cnf`. Ikiishia na 110, umesubiri hadi muda ukaisha, basi tazama faiwoli.

1130 inasema seva haina akaunti yoyote, ya mtu yeyote, inayoruhusu mashine yako. Hapo hata nywila haijaulizwa.

1045 ndiyo yenye utata, kwa sababu seva haikuambii kama jina halipo au nywila si sahihi. Hufanya hivyo makusudi ili mdukuzi asiweze kukisia majina.

1698 huwapata wanaotaka kuingia kama `root` kwenye Ubuntu. 1044 na 1142 zinahusu ruhusa: ya kwanza umenyimwa hifadhidata nzima, ya pili jedwali fulani. 3118 ni akaunti iliyofungwa na msimamizi, 3955 ni iliyojifunga baada ya majaribio mengi yaliyokosewa, na 1820 au 1862 ni nywila iliyopitwa na muda wake.

1129 huwashangaza wengi. Haitokani na nywila mbaya, bali na miunganisho iliyokatika kabla ya kukamilika, ikifuatana hadi kufikia `max_connect_errors`, ambayo kwa kawaida ni 100. Chanzo mara nyingi ni chombo cha ufuatiliaji kinachogonga poti ya 3306 na kuondoka bila kuingia. Safisha kwa amri hii, kisha urekebishe chombo chenyewe, la sivyo kosa litarudi:

```
TRUNCATE TABLE performance_schema.host_cache;
```

Hakikisha nywila unayodhani umeituma ndiyo iliyotumwa

Ujumbe wa 1045 huishia na `using password: YES` au `using password: NO`. Ukiona NO wakati una hakika umeweka nywila, nywila haikufika. Kwenye mstari wa amri sababu huwa nafasi moja tu: ukiandika `-p Siri123`, MySQL huichukulia `Siri123` kuwa jina la hifadhidata, kisha inakuuliza nywila. Njia salama ni kuandika `-p` peke yake na kusubiri uulizwe, jambo ambalo pia huzuia nywila kubaki kwenye historia ya amri.

Ukiona YES, bado kuna uwezekano kwamba kilichotumwa ni kitu kingine. Programu ya `mysql` husoma `~/.my.cnf` kimyakimya, na mle mnaweza kuwa na nywila ya mwaka juzi. Tazama inachosoma:

```
mysql --print-defaults
mysql_config_editor print --all
```

Amri ya pili inaonyesha yaliyomo ndani ya `~/.mylogin.cnf`, faili ambalo husomwa hata ukitumia `--no-defaults`. Kisha jaribu kuingia bila mipangilio yoyote. Chaguo la `--no-defaults` lazima liwe la kwanza, la sivyo litakataliwa:

```
mysql --no-defaults -u duka -p -h 127.0.0.1
```

Ikikubali hapa na kukataa ndani ya programu yako, kosa liko kwenye faili la programu. Angalia alama maalumu. Ndani ya `.my.cnf` alama ya `#` huanzisha maoni hata katikati ya mstari, hivyo `password=Embe#2024` husomwa kuwa `Embe` tu; izungushie alama za kunukuu. Kwenye ganda la bash, `$` hubadilishwa kabla ya kufika MySQL, na `!` pia hubadilishwa unapoandika moja kwa moja kwenye kidirisha cha amri. Tumia alama moja za kunukuu, si mbili. Na ukinakili nywila kutoka WhatsApp au barua pepe, tazama nafasi iliyojificha mwishoni.

Wanaotumia kontena za Docker wana mtego wao. `MYSQL_ROOT_PASSWORD` hufanya kazi mara moja tu, seva inapoanzishwa kwa mara ya kwanza juu ya folda tupu ya data. Ukiibadilisha baadaye na kuanzisha kontena upya, hakuna kinachobadilika, kwa kuwa nywila ya zamani imeshahifadhiwa ndani ya data. Ingia kwa ile ya zamani, kisha ubadilishe kwa `ALTER USER`.

Akaunti ni jina pamoja na mashine

Hapa ndipo wengi hukwama. Katika MySQL hakuna akaunti inayoitwa `duka`. Kuna `'duka'@'localhost'`, kuna `'duka'@'192.168.1.20'`, kuna `'duka'@'%'`, na kila moja ni akaunti kamili yenye nywila yake na ruhusa zake. Ukibadilisha nywila ya mojawapo, nyingine hazina habari. Na ukiandika `ALTER USER 'duka'` bila kutaja mashine, umebadilisha `'duka'@'%'`. Kama hiyo haipo utapata kosa la 1396. Kama ipo, amri itafanikiwa vizuri tu, nawe utabaki ukishangaa kwa nini `localhost` bado inakataa.

Ingia kama msimamizi uone zilizopo:

```
SELECT user, host, plugin, account_locked, password_expired
FROM mysql.user
WHERE user IN ('duka', '');
```

Sasa linganisha na ujumbe wa kosa. Ukisoma `Access denied for user 'duka'@'172.17.0.5'`, sehemu iliyo baada ya alama ya @ ni anwani ambayo seva inakuona ukitokea, si jina la akaunti iliyochaguliwa. Anwani inayoanza na 172.17 karibu kila mara ni kontena ya Docker: programu yako inaendeshwa kwenye mashine ile ile, lakini machoni mwa seva inatoka nje, na akaunti ya `localhost` haitaisaidia.

Akaunti zikiwa nyingi, seva huchagua moja tu na kung'ang'ania hiyo. Hupanga kwa mashine kwanza, yenye anwani mahususi zaidi ikitangulia na `%` ikiwa mwishoni. Kisha kwa jina, lile lenye herufi likitangulia jina tupu. Nywila isipolingana na akaunti iliyochaguliwa, seva haijaribu inayofuata.

Ndiyo maana tumeweka `''` kwenye utafutaji hapo juu. Akaunti isiyo na jina ya `''@'localhost'`, iliyokuwa ikiundwa na matoleo ya MySQL kabla ya 5.7, hulingana na jina lolote. Mtu wa `'duka'@'%'` akiingilia kwenye mashine ya seva yenyewe, akaunti hiyo isiyo na jina inamtangulia kwa kuwa `localhost` ni mahususi kuliko `%`. Nywila yake sahihi inakataliwa. Seva zilizopandishwa toleo hadi toleo bila kusafishwa bado zinayo. Iondoe:

```
DROP USER ''@'localhost';
```

Ukifanikiwa kuingia lakini ruhusa zikawa za ajabu, uliza seva imekutambua vipi:

```
SELECT USER(), CURRENT_USER();
```

Safu ya kwanza ni ulivyojitambulisha. Ya pili ni akaunti uliyopewa. Zikitofautiana sana, umepata jibu.

Kuna pia suala la `localhost` na `127.0.0.1`. Kwenye Linux, `-h localhost` hupitia faili la soketi, na `-h 127.0.0.1` hupitia mtandao. Kwa kawaida seva huitafsiri 127.0.0.1 kuwa `localhost`, hivyo akaunti moja inatosha. Ila `skip_name_resolve` ikiwa imewashwa, seva haitafsiri tena anwani kuwa majina, na anayepitia 127.0.0.1 atahitaji akaunti ya `'duka'@'127.0.0.1'`. Mpangilio huo huwashwa ili kuharakisha miunganisho, kisha baada ya wiki mtu analalamika kwamba programu yake imekufa ghafla. Akaunti zote zilizotaja mashine kwa jina la mtandao hukumbwa vivyo hivyo.

Programu ikihamia mashine nyingine ya ofisini, iundie akaunti ya mtandao huo badala ya kuifungulia dunia nzima kwa `%`:

```
CREATE USER 'duka'@'192.168.1.%' IDENTIFIED BY 'weka-nywila-ndefu-hapa';
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE, DELETE ON duka_mauzo.* TO 'duka'@'192.168.1.%';
```

Amri hizo mbili ni lazima zitengane. Maelekezo ya zamani huunda mtumiaji kwa `GRANT ... IDENTIFIED BY` peke yake, lakini tangu 8.0 njia hiyo haipo tena. Ukikutana na 1819, kipimo cha nywila kimewashwa, na kwa kiwango chake cha kati kinadai angalau herufi 8, zikiwemo kubwa, ndogo, tarakimu na alama maalumu.

Root wa Ubuntu hana nywila, na hilo si kosa

Kosa la 1698 kwenye Ubuntu linatokana na plagini (kijalizo cha seva kinachothibitisha anayeingia) ya `auth_socket`: `root` wa MySQL hutambuliwa kwa kuwa wewe ni `root` wa Linux, na nywila haitazamwi kabisa. Andika tu:

```
sudo mysql
```

Maelekezo mengi yanashauri kumpa `root` nywila ili phpMyAdmin iweze kuingia. Ushauri huo si mzuri. Mwache kama alivyo, unda akaunti nyingine ya usimamizi, na siku ukisahau nywila zote `sudo mysql` itakuwa bado inafanya kazi.

Kwenye vifurushi vya RPM vya Oracle hali ni tofauti. Seva hujitengenezea nywila ya muda na kuiandika kwenye logi, na hutaruhusiwa kufanya chochote hadi uibadilishe:

```
sudo grep 'temporary password' /var/log/mysqld.log
```

Nywila ya root imepotea kabisa

Kuna njia mbili. Inayosambaa zaidi ni `skip-grant-tables`, na ndiyo mbaya zaidi: kwa muda wote inapofanya kazi, yeyote anayefika kwenye seva anaingia bila nywila akiwa na ruhusa zote. MySQL 8.0 angalau huzima mtandao yenyewe katika hali hiyo. Matoleo ya zamani hayazimi. Tumia faili la kuanzia, ambalo seva hulisoma inapowaka huku ulinzi ukiendelea kama kawaida.

1. Simamisha seva: `sudo systemctl stop mysql`.

2. Unda faili `/var/lib/mysql-files/rejesha.sql` lenye mstari huu mmoja. Usiligawe amri moja katika mistari miwili:

```
ALTER USER 'root'@'localhost' IDENTIFIED WITH caching_sha2_password BY 'nywila-mpya-ndefu';
```

3. Lipe faili mwenyewe na lifungie wengine:

```
sudo chown mysql:mysql /var/lib/mysql-files/rejesha.sql
sudo chmod 600 /var/lib/mysql-files/rejesha.sql
```

Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu. Ukiliweka faili `/root` au `/home`, AppArmor, ulinzi wa Ubuntu unaowekea programu mipaka ya faili, itaizuia seva kulisoma hata kama haki za faili ziko sawa, na logi itakuambia tu kwamba faili halisomeki.

4. Ongeza mstari huu chini ya `[mysqld]` katika faili la mipangilio:

```
init-file=/var/lib/mysql-files/rejesha.sql
```

5. Washa seva, kisha jaribu kuingia. Ikikataa, soma mwisho wa `/var/log/mysql/error.log`.

6. Futa mstari wa `init-file`, futa faili lenyewe, washa seva upya. Hatua hii isirukwe hata siku moja: nywila imekaa mle kwa maandishi ya wazi, na kila seva inapowaka ingerudishwa kuwa ile ile.

Kama mtu alifuta akaunti ya `root` yenyewe, faili hilo hilo linaweza kubeba `CREATE USER 'root'@'localhost' ...` na, kwenye mstari wa pili, `GRANT ALL ON *.* TO 'root'@'localhost' WITH GRANT OPTION;`.

Epuka maelekezo yanayosema uandike `UPDATE mysql.user SET Password=PASSWORD('...')`. Safu ya `Password` iliondolewa katika 5.7, na kitendakazi cha `PASSWORD()` kiliondolewa katika 8.0.

Inakubali kwenye kidirisha cha amri, inakataa kwenye programu

Tangu 8.0, akaunti mpya hutumia plagini ya `caching_sha2_password`. Programu zenye maktaba za zamani haziielewi na hutoa kosa la 2059. Kwa PHP, unahitaji 7.4 au zaidi. Dawa ya kweli ni kupandisha toleo la maktaba. Kumrudisha mtumiaji kwenye `mysql_native_password` ni dawa ya muda tu: katika 8.4 plagini hiyo imezimwa hadi uiwashe mwenyewe, na katika 9.0 imeondolewa.

Ugonjwa mgumu zaidi kuutambua ni huu: programu inafanya kazi kwa wiki nzima, seva inawashwa upya usiku, asubuhi programu inakataliwa kwa 2061 na maneno `Authentication requires secure connection`. Msimamizi anaingia mwenyewe mara moja kwa jina lile lile ili kuchunguza, na programu inapona.

Sababu ni kwamba seva huhifadhi heshi ya nywila (alama inayokokotolewa kutoka kwenye nywila) kwenye kumbukumbu yake baada ya mtumiaji kuingia mara ya kwanza. Heshi ikiwepo, kuingia ni kwepesi na hakuhitaji usimbaji. Seva ikizimwa, au mtu akitoa `FLUSH PRIVILEGES`, heshi hupotea, na anayeingia mara ya kwanza lazima apitie TLS (muunganisho uliosimbwa) au soketi, au awe na ufunguo wa umma wa seva. Kidirisha cha amri hujaribu TLS chenyewe, ndiyo maana kwako inakubali. Programu yako haijawekewa. Washa TLS kwenye mipangilio ya muunganisho wake. Kwenye Java tatizo hujitokeza kama `Public Key Retrieval is not allowed`; kuna mpangilio wa `allowPublicKeyRetrieval=true` unaolimaliza, lakini humwezesha mtu aliyejipenyeza katikati ya mtandao kukupa ufunguo wake, kwa hiyo uutumie kwenye mashine ya majaribio tu.

Akaunti iliyofungwa, nywila iliyoisha, ruhusa pungufu

Hizi ni za haraka:

```
ALTER USER 'duka'@'localhost' ACCOUNT UNLOCK;
ALTER USER 'duka'@'localhost' PASSWORD EXPIRE NEVER;
SHOW GRANTS FOR 'duka'@'localhost';
```

Ya kwanza hutibu 3118 na 3955 pia. Ya pili huzuia nywila isipitwe na muda siku zijazo, lakini ile iliyokwisha kuisha lazima ibadilishwe kwanza. Iwekee akaunti za programu, si za watu.

Baada ya `GRANT` huhitaji `FLUSH PRIVILEGES`. Hiyo ni kwa wanaohariri majedwali kwa mkono. Unachohitaji mara nyingi ni kuunganisha upya, kwani ruhusa za seva nzima hazimfikii aliyekwisha ingia. Mabadiliko ya nywila nayo hayamtoi mtu aliye ndani, kwa hiyo programu inaweza kuendelea kwa siku kadhaa na nywila isiyo sahihi hadi itakapowashwa upya.

Jihadhari na kistari cha chini. Ndani ya `GRANT`, kwenye jina la hifadhidata, `_` humaanisha herufi yoyote moja, hivyo ruhusa ya `duka_mauzo` inafika hata `duka2mauzo`. Andika `` `duka\_mauzo`.* `` ukitaka hiyo moja tu. Na ukitaka kuiondoa ruhusa, iandike kama ilivyoandikwa mwanzo, la sivyo 1141 itakuambia ruhusa hiyo haipo ilhali unaiona kwenye `SHOW GRANTS`.

Kama bado hujui nani anakataliwa, iambie seva iandike kila jaribio lililoshindwa kwenye logi. Kiwango cha kawaida ni 2, ambacho hakitoshi:

```
SET PERSIST log_error_verbosity = 3;
```

Kubadilisha nywila bila kuzima programu

Tangu 8.0.14 akaunti inaweza kuwa na nywila mbili kwa wakati mmoja. Weka mpya huku ya zamani ikiendelea kukubaliwa, badilisha faili za programu moja moja bila haraka, kisha uitupe ya zamani:

```
ALTER USER 'duka'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nywila-mpya' RETAIN CURRENT PASSWORD;
ALTER USER 'duka'@'localhost' DISCARD OLD PASSWORD;
```

Ukiwa na MariaDB

Tangu 10.4, `mysql.user` si jedwali halisi bali mwonekano tu wa `mysql.global_priv`, kwa hiyo kuihariri kwa `UPDATE` hushindikana. Kujua hali ya akaunti tumia `SHOW CREATE USER 'duka'@'localhost'`. `root` huingia kwa plagini ya `unix_socket`, ambayo hufanya kazi kama `auth_socket` ya Ubuntu: `sudo mariadb` inatosha. `RETAIN CURRENT PASSWORD` haipo, wala kuzuia majaribio kwa kila akaunti. Kilichopo ni `max_password_errors`, ambayo hupangwa kwa seva nzima, na aliyezuiwa nayo huachiliwa kwa `FLUSH PRIVILEGES`.